Ndege za Elisaria

Mnataka habari za Elisaria wa Kikwe? Haya, kaeni. Lakini atakayenikatiza aondoke sasa hivi. Mimi Mikidadi nilikuwa karani mkalimani wa serikali hapa Arusha miaka kumi na tisa, nimekaa katikati ya Waingereza na watu wa kila namna, na sijazoea kukatizwa na mtu asiyejua kupatanisha maneno ya lugha anayoisema.

Najua mnayoyasikia huko nje. Eti Mikidadi ndiye aliyemfunga Elisaria. Uongo mtupu! Mimi sijafunga hata mbuzi. Mimi nilitafsiri. Hakimu ndiye aliyehukumu, askari ndiye aliyekomea mlango, mimi nilikuwa kinywa tu. Nimesema hivyo tangu enzi za Mwingereza na nitasema hivyo mpaka mnizike.

Elisaria alikuwa Mmeru, Mlutheri, mfupi, miguu matege, mwenye shati moja la Jumapili na jingine la siku zote. Vita vya pili vya Wajerumani vilipoanza alikuwa na miaka kama thelathini na mitano. Mimi nilikuwa na ishirini na sita, na nilimzidi kila kitu isipokuwa umri na macho. Hakuoa. Alikuwa mtoto pekee wa mama yake, Tabea, na Tabea alikuwa amepooza miguu tangu Elisaria yungali kijana. Kila alfajiri alimbeba mgongoni, akamtoa nje, akamkalisha juani karibu na migomba, akamwekea kando kibuyu cha loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando wanayoyapenda watu wa kule. Kisha akaenda kazini. Jioni alirudi kumwingiza ndani. Mama mwenyewe alikuwa mzito, tena mkali, hakukubali kubebwa na mtu mwingine. Alisema mikono ya watu inamfinya. Siku ya mvua Elisaria hakwenda kazini, hata kama ni kufukuzwa afukuzwe. Wasichana wa Kikwe walimcheka wakisema atakayeolewa mji ule ataolewa na watu wawili, mmoja mgongoni mwa mwenzake.

Kazi yake ilikuwa kwa Mzungu mmoja Mswisi, mwenye shamba la kahawa karibu na ziwa Duluti. Jina lake lilikuwa gumu, watu wakamwita Bwana Furai. Furai hakuwa na mke wala mbwa. Alikuwa na ndege. Kutwa kuwatazama, kuwahesabu, kuwapiga picha, kuwaandika daftarini. Elisaria aliajiriwa apalilie kahawa, lakini siku moja Furai alimsikia akiwaambia wenzake kwamba yule aliyetua juu ya mti ng'ambo ya ziwa si mwewe, ni tai mvuvi mchanga ambaye kichwa hakijawa cheupe. Furai akachukua darubini yake ndogo ya mkononi, akatazama, akakuta ni kweli. Tangu siku ile Elisaria hakushika jembe tena.

Kilichomnyima Furai usingizi ni korongo. Kila mwaka vuli ikikaribia, korongo weupe wanatoka Ulaya na kushuka kwenye mbuga chini ya Kikwe kula panzi. Wachache kati yao wamevishwa pete ya bati mguuni huko walikozaliwa, na pete ina namba na maandishi ya kueleza ilikotoka. Wazungu wengine walikuwa wanampiga risasi korongo wapate kuisoma pete. Furai hakutaka bunduki. Alitaka aisome kwa mbali, ndege mwenyewe yu hai anakula panzi wake, na aipige picha ili asije akaitwa muongo. Kwa kazi hiyo alihitaji darubini kubwa ya kusimamisha, na Arusha nzima hapakuwa na duka lenye darubini ya namna hiyo.

Ndipo ukaja mnada. Serikali ilikuwa imewakamata wakulima wa Kijerumani, imewapeleka kizuizini, na mali zao zikaletwa mjini kuuzwa chini ya turubai. Vitanda, vinanda, cherehani, sahani, picha za babu zao. Dalali alikuwa Jamaldini, jirani yangu wa Kaloleni, mtu mwenye sauti ya kuamsha wafu. Na juu ya meza moja kulikuwa na darubini tatu.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mwingereza kijana. Simtaji jina, ana wajukuu huko kwao. Naye alikuwa na ugonjwa huohuo wa ndege na kamera. Akaniambia, "Mikidadi, wewe ni mwenyeji, twende ukanisaidie kuchagua." Nikavaa kanzu safi na koti juu, nikamfuata. Furai siku ile alikuwa kitandani kwa homa, akamtuma Elisaria na barua kwamba achague yeye anayoiona inafaa, Bwana Furai atalipa. Fikirini! Mmeru miguu peku anapewa barua ya kuchagua kifaa cha Kizungu. Watu wakajazana kumtazama.

Ya kwanza ilikuwa ya shaba, inang'aa, ukiivuta kinatoka kipande ndani ya kipande mpaka inakuwa ndefu kuliko mkono wangu. Ya pili ilivikwa ngozi nyeusi. Ya tatu, maskini, ilikuwa fupi na nene, imebanduka rangi, na ubavuni imebonyea kama sufuria iliyoanguka. Sikuona haja hata ya kuigusa. Nikamwambia mkubwa, "Bwana, iliyo ndefu ndiyo inayoona mbali. Hilo hata mtoto analijua." Mkubwa akaivuta ile ya shaba, akaielekeza mlima Meru, akasema miti imemjia mpaka puani. Akafurahi sana.

Elisaria hakuwa na haraka ya kufurahi. Aliilaza ile ya shaba juu ya gunia la maharage, hakutaka kuishika kwa mkono, akaielekeza kwa kunguru aliyetua juu ya paa la kanisa kule mbali. Akatazama, akatazama. Akasema kunguru ni mkubwa lakini yu gizani, jicho lake halionekani, na mtu akipita karibu na meza kunguru anacheza ngoma. Akaigeuzia kwenye mabati ya sokoni yaliyokuwa yakichemka kwa jua, akaguna. "Hii inavuta na joto," akasema. Ya pili aliiinua tu kwenye mwanga, akachungulia ndani ya kioo, akairudisha. Ukungu ulikuwa umeota mle ndani. Ya tatu alizungusha ile pete yake ya kurekebishia, mbele na nyuma, mbele na nyuma, amefumba macho, apate kujua kwa vidole kama inateleza au inarukaruka. Kioo chake cha mbele kilikuwa kipana kama kisahani cha chai. Akaielekeza kwa yule kunguru, akacheka peke yake. Halafu akatoa mfukoni kikopo cha bati kilichochongwa na fundi, kile ambacho Furai alikifunga mbele ya kamera yake, akakivisha nyuma ya darubini, kikaingia sawasawa.

Tukadhani amemaliza. Wapi! Akaanza kuzunguka mnada mzima anachungulia chini ya meza za watu. Kumbe anatafuta miguu ya darubini. Akaipata: miguu mitatu ya mbao, mizito, na Jamaldini alikuwa ameiwekea beseni juu akiiuza kama meza ya kunawia.

Nikamuuliza mbele ya kadamnasi, "Ewe bwana, kwa nini umechagua kinu cha kutwangia?"

Akanijibu kwa upole, "Karani, hii inaonyesha ndege ndogo, lakini ndege zinatulia. Naweza kuzisoma."

Basi! Amejileta mwenyewe. Nikapaza sauti, "Sema ndege wadogo! Ndege wanatulia, unaweza kuwasoma! Kiumbe mwenye roho haitwi 'zi', ewe mtu wa mlimani! Zinazotulia ni zile za jeshi, za bati!" Watu wa Kaloleni wakacheka mpaka Jamaldini akasahau bei aliyokuwa akiitaja. Elisaria naye akacheka. Akasema, "Kiswahili ni ya kwenu, karani. Sisi tunaazima." Akajitwika miguu yake ya mbao kichwani, akakumbatia darubini kifuani, akaenda zake.

Jumapili ya pili mkubwa wangu alikwenda Duluti na ile ya shaba, mimi nyuma nimebeba kamera. Alikuwa na wageni, mabibi wawili wa Kizungu na bwana mmoja wa Nairobi. Akaishika darubini kwa mikono miwili amtafute tai mvuvi ng'ambo ya maji. Tai akatetemeka. Akaiegemeza begani kwangu, tai akatetemeka kwa pumzi zangu. "Acha kupumua!" akanifokea, nami nikaacha kupumua mpaka macho yakanitoka pima. Saa nne joto likapanda juu ya ziwa, na kilichoonekana ndani ya darubini kikawa uji unaochemka. Hatua hamsini kutoka hapo walikuwa Furai na Elisaria, kinu chao kimesimama kimya. Bibi mmoja akaomba achungulie. Akapiga ukelele wa furaha, anaona samaki kwenye kucha za tai, tena samaki anapumua! Wote wakahamia kule. Mkubwa akabaki peke yake na mimi begani.

Picha zake zilipotoka kusafishwa aliniita ofisini, akazimwaga mezani. Zote giza, katikati doa la kijivu. "Mikidadi, nionyeshe ndege." Nikaonyesha doa. Akaniamuru niibandike picha ile kwenye paji la uso, niishike kwa mkono, nisimame barazani mpaka adhuhuri, ili kila aletaye shauri lake amwone ndege wa Mikidadi. Nikasimama. Askari walicheka. Matarishi walicheka. Akina mama waliokuja kushtakiana kuku walicheka wakasahau kuku wao.

Sasa niambieni, mngemchukia nani? Mkubwa? Mkubwa hachukiwi, utakula wapi? Nikamchukia Elisaria. Nasema wazi. Nilimchukia kwa kunguru wake, na kwa miguu yake matege, na zaidi kwa kuwa nilipomtukana alicheka pamoja na watu. Mtu ukimtukana halafu asiumie, tusi linakurudia wewe.

Ikafika vuli ya mwaka wa arobaini. Mtaliano alikuwa Uhabeshi, na kila kilichosikika juu angani watu walitazama kaskazini. Ikatoka amri kwamba mtu yeyote anayeonekana na darubini au kamera sehemu za wazi aripotiwe. Haikupita wiki, mtu akaleta habari kwamba mbugani chini ya Kikwe kuna Mzungu asemaye Kijerumani na mtu wake, wana chombo cha miguu mitatu, wanaelekeza juu. Askari wakaenda asubuhi wakawabeba wote wawili. Furai akapandishwa gari moja kwa moja kupelekwa Nairobi, hatukumwona tena. Elisaria akaletwa kwetu saa tatu, na darubini ikaletwa naye, ikawekwa juu ya meza ya mkubwa kama ushahidi.

Mkubwa aliuliza kwa Kiingereza. Mimi nilitafsiri.

"Bwana wako alikuwa anafanya nini mbugani?"

"Anaangalia ndege," akasema Elisaria.

"Ndege gani?"

"Zile nyeupe, kubwa. Zinakuja na vuli. Zinatoka kaskazini, zinapita juu ya mlima, zinazunguka bila kupiga bawa, kisha zinashuka pale mbugani."

Neno korongo hakuwa nalo. Kwa Kiswahili chake korongo ni lile bonde linalochimbwa na maji ya mvua, na Kikwe yako mengi.

"Kwao ni wapi?"

"Bwana anasema kwao ni Ujerumani."

Mkubwa akaacha kalamu. "Anajuaje?"

"Zingine zina namba na maandishi ya Kijerumani. Tunazisoma na hiyo darubini. Mimi nazihesabu, bwana anazipiga picha, anaandika barua Ulaya kusema namba gani imefika."

Nilitafsiri neno kwa neno. Sikuongeza hata nukta, naapa. Palipokuwa na "zi" nilisema zile za jeshi, za bati. Na nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu! Nilikuwapo mnadani, nilimsikia kwa masikio yangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha mbele ya watu tofauti ya hizo mbili. Hakuna mtu Arusha nzima aliyejua kuliko mimi kwamba Elisaria akisema ndege zinashuka anasema korongo.

Kisha Elisaria akanigeukia. Jasho lilikuwa linamtoka. "Karani, tafadhali, waambie mama yangu nimemwacha juani. Nilijua narudi mapema. Wingu liko juu ya mlima. Waniache nikamwingize ndani, halafu nirudi, nitajibu yote."

"Anasema nini?" mkubwa akauliza.

Nikasema, "Analalamikia joto, Bwana."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Halikuwa jibu la swali aliloulizwa, na kazi yangu ilikuwa maswali na majibu. Mkubwa akaamuru dirisha lifunguliwe. Elisaria akaona dirisha limefunguliwa, akadhani hiyo ndiyo heri yake inakuja, akasema "Asante, asante Bwana," na akaanza kuinuka kwenye kiti. Askari akamkalisha.

Mkubwa hakuwa mjinga, msimdhanie hivyo. Alikuwa mtu wa ndege. Aligongagonga meza kwa kidole, kisha akaniuliza taratibu, "Mikidadi, neno hili ndege. Si ndilo hilohilo la kiumbe mwenye manyoya?"

Hapo ndipo palikuwa na mlango. Ulikuwa wazi kabisa. Neno "ndiyo" tu, na Elisaria angefika Kikwe kabla ya mvua.

Nikamwambia, "Bwana, Kiswahili ni lugha yenye kanuni. Mwenye manyoya ni 'wanashuka'. Huyu amesema 'zinashuka', na hiyo 'zi' ameisema mara nyingi, umemsikia. Kwa Kiswahili sahihi maana yake ni moja tu."

Na ni kweli! Leteni mwalimu yeyote, leteni kitabu chochote, atakayesema nilikosea kanuni ajitokeze. Mkubwa alinitazama. Kisha akaitazama ile darubini fupi nene iliyokuwa mezani mbele yake, akaipangusa vumbi kwa kidole. Akaandika.

Maelezo yakasomwa. Elisaria akaulizwa kama ndivyo alivyosema. Hakuelewa Kiingereza hata chembe. Akanitazama usoni, akasema, "Kama karani amesema hivyo, basi ni hivyo. Yeye ndiye anajua." Akabonyeza dole gumba kwenye wino.

Mvua ilianza saa nane. Ilikuwa ile ya mlimani, inayokuja na mawe. Tabea alikuwa ameketi pale alipowekwa. Majirani wengi walikuwa sokoni. Aliita mpaka sauti ikakauka, na aliyemsikia hatimaye ni mwanamke mmoja aitwaye Hedwiga, akipita na kuni jioni. Hedwiga alijaribu kumbeba, akashindwa, akamburuta kwenye tope mpaka mlangoni, na bibi yule alikuwa anatetemeka na bado anamgombeza kwamba anamfinya. Wakamfunika, wakamwashia moto. Siku ya tatu kifua kikaziba.

Haya nayajua kwa kuwa Hedwiga alikuja ofisini kunieleza. Alitembea kutoka Kikwe, akasimama dirishani kwangu, akasema, "Mwanangu, mama yake Elisaria anamwita. Hali chakula kwa mkono wa mtu. Mwambie bwana mkubwa amruhusu siku moja tu, hata na pingu." Nikamwambia maombi yanaletwa kwa maandishi. Akasema hajui kuandika. Nikamwambia atafute anayejua. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu ninamwambia hivyo. Akanitazama, akatema mate chini, siyo kwangu, chini tu, akaondoka. Tabea alikufa siku ya nane. Elisaria aliambiwa akiwa tayari amehukumiwa miaka mitatu, akiwa amefungwa mnyororo mmoja na mwizi wa ng'ombe, wanangoja kusafirishwa upande wa Tanga. Aliyemwambia ni askari, kwa kutaka tu kuzungumza.

Darubini ilichukuliwa na serikali, na serikali ilikuwa mkubwa wangu. Kila Jumapili nilimbebea miguu yake ya mbao. Alipata picha nzuri sana, nyingine zilitundikwa ukutani kwa mabwana. Hakuniambia tena nibandike kitu usoni. Mwaka uliofuata aliniongezea cheo, na siku aliponiambia hakunitazama machoni.

Elisaria alitoka mwisho wa mwaka wa arobaini na tatu. Nilisikia amerudi, nikasikia kihamba chake, lile shamba la migomba la nyumbani, kimelimwa na watu wa ukoo, nikasikia halalamiki. Nikaanza kupita njia nyingine nikienda kazini. Sikuwa na sababu ya kuogopa, nilijiambia. Mtu hamwogopi mtu kwa sababu ya kanuni za lugha.

Akaja mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa mchana, nimetoka msikitini, nimekaa kibarazani kwangu Kaloleni. Mke wangu Batuli alikuwa anapepeta mchele. Nikamwona mtu mfupi, matege, nywele zimekuwa nyeupe zote, anakuja na mkungu wa ndizi begani. Akasimama mbele yangu, akautua mkungu taratibu, usichubuke. Mimi, ambaye sikuwahi kumwamkia mtu wa mlimani maishani mwangu, ulimi ukateleza wenyewe nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Hujambo, karani? Wa nyumbani hawajambo? Watoto hawajambo?"

Nikashtuka. Sauti ni ileile lakini maneno si yale. Alikuwa anasema Kiswahili cha pwani, kilichonyooka, kila neno limekaa mahali pake. Miaka mitatu na watu wa Tanga na Pangani, na huko pwani alikotoka baba yangu watu wanasahihishana hata gerezani. Nikamkaribisha aketi. Akakataa, akasema ana safari.

"Sikukawia ila kwa ajili ya kuvuna hizi," akasema. "Nimepita kukushukuru. Siku ile mle ofisini sikuwa na ndugu wala rafiki. Ni wewe peke yako uliyenisemea."

Akanipa mkono. Nikaupokea. Ulikuwa mkavu na mgumu, na hakuubana wala hakuulegeza. Akamuaga Batuli, akaondoka bila kugeuka nyuma. Batuli akasema, "Loo, mtu mwema huyu! Ulimsemea nini?" Nikamwambia anyamaze, apepete mchele wake.

Kusemea! Nyinyi mnakijua Kiswahili, mnajua neno hilo lina sura mbili. Nikikusemea, nimekuwa mdomo wako, nimekutetea. Na mtoto akimwambia mwenzake nitakusemea kwa baba, maana yake atamchongea apigwe. Mtu wa mlimani wa mnadani angejua ile ya kwanza tu. Lakini aliyesimama mbele yangu alikuwa amekaa miaka mitatu na wenye lugha, na hakukosea hata neno moja.

Nimetafsiri wezi, wauaji, machifu na wajane. Sentensi ile moja, ya maneno mepesi kabisa, imenishinda mpaka leo. Nikilala inakuja. Usiku mwingine nasema alinishukuru kweli, masikini, na hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Usiku mwingine nasema alijua kila kitu tangu alipoona dirisha linafunguliwa. Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, Kikwe si mbali, ningeweza kwenda kwa miguu nikamuuliza alikusudia lipi. Sikwenda. Ningemuuliza, ingebidi nimweleze kwa nini nauliza.